Mafuta Meusi ya Kamionete ya Tonton Alphonse

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Nina funguo! Ziko mfukoni mwangu, nazisikia zikigongana nikitembea. Leo nimetembea sana, bila sababu.

Mambo ni hivi. Tonton Alphonse, mjomba wa mke wangu Clothilde, amefiwa na dada yake kule Basoko. Asubuhi amepanda meli kwenda matanga, atarudi Jumatano ya wiki ijayo. Tonton ni mtu wa mashine. Ujana wake wote aliumalizia chini kabisa ya meli za mtoni, kwenye injini, na alipopata pensheni alinunua kwa Mgriki mmoja wa kahawa kamionete, lori dogo linalokula mazutu, yaani dizeli. Si esansi, petroli, kama za watu wengine. Mazutu! Ikiwaka, vikombe vinatetemeka mezani kwa jirani.

Pale bichi, kwenye gati la meli, kabla ya kupanda, alisema mbele ya watu wote kwamba gari linabaki kwangu. Nipeleke magunia ya mpunga kinuni kila siku. Nibadilishe mafuta ya injini mwenyewe, maana wakati wake umefika, na bidoni, dumu la mafuta mapya, iko nyuma ya kiti. Akirudi ataangalia. Akikuta gari limetunzwa, usukani wa safari za Bafwasende ni wangu. Akikuta vingine, ni wa Benoît.

Benoît! Jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mtoto wa ubatizo wa Tonton. Anaendesha gari la esansi la duka la Mreno, na kofia yake ya udereva haivui hata mezani. Alikuwa amesimama pale pale anatabasamu.

Ninautaka usukani ule. Tangu nianze biashara ya mawese nimekwenda Bafwasende nikiwa juu ya magunia, vumbi mdomoni, mvua mgongoni, na permis yangu ya kuendesha imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Mama mkwe akija anaitazama fremu, halafu ananitazama mimi, halafu anaomba maji ya kunywa.

Na mtihani wenyewe ni mafuta! Mimi! Mtu anayeweka tone la mawese kwenye ukucha wa kidole gumba, akalielekeza juani, akakuambia ni ya kijiji gani na nani aliyapika. Benoît pole yake.

Jumanne, 6 Agosti

Nimebadilisha. Peke yangu!

Nilisimamisha kamionete juu ya mtaro mbele ya nyumba, magurudumu huku na huku, nikaingia chini na ufunguo wa boloni, ile skrubu inayoziba mafuta. Kofia ya Benoît ikatokea juu ya ukuta. Akanishauri niwashe injini kwanza ipate moto, ati mafuta yatakuwa mepesi na yatatoka mbio. Aha! Niungue mikono, yeye aende kumpokea Tonton na mikono mizima. Nilimshukuru sana. Sikuwasha.

Mafuta yalitoka polepole. Polepole kabisa. Nililala pale chini asubuhi yote nikiyatazama yakidondoka. Kuku walikuja, wakaangalia, wakachoka, wakaenda zao. Boloni ilitumbukia ndani ya beseni, nikaitafuta kwa mkono hadi kwenye kiwiko.

Lakini rangi yake, Mungu wangu! Meusi! Meusi tii! Mawese yakifika hapo hata mbwa humpi. Nilimhurumia Tonton. Mtu mzima wa mashine, na injini yake inakunywa uchafu wa namna hii. Ni macho, uzee. Sikutaka kumsema mjomba wa watu mbele ya Clothilde, ila nilitikisa kichwa nikiguna ili aniulize. Aliniuliza beseni lake la kuoshea majani ya sombe liko wapi.

Halafu nikamimina mapya. Dhahabu! Yalishuka yanang'aa. Nikachomoa kile chuma chembamba cha kupimia mafuta, nikakiinua juani, nikawaita wapita njia waje waone. Mama mmoja aliyebeba mihogo akasema ni mazuri kweli, akauliza nauza chupa kwa bei gani.

Usiku mwema, usukani wangu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeibiwa!

Nimepeleka magunia kinuni, nimerudi salama, sikumgonga mtu, sikuzima njiani. Jioni nikachomoa kile chuma ili nifurahishe macho kidogo kabla ya kula. Meusi! Yale yale ya jana! Nilikaa juu ya bampa.

Nikafikiri. Mafuta mapya hayawezi kuzeeka kwa siku moja. Mawese yangu yanakaa miezi kwenye mtungi na rangi yake haiondoki. Donc, kuna mtu ameyatoa mazuri, akatia mabaya. Lini? Nilipokuwa kinuni napakua. Nani? Nani ana faida?

Nilikuwa bado nafikiri, kofia ikatokea juu ya ukuta. Benoît akaniona na kile chuma mkononi na uso wangu ulivyo. Akacheka. Akasema, bila kuulizwa na mtu: "Mafuta ya mazutu inakuwaka nyeusi tu, ndeko. Ni vile iko."

Sikia hiyo! Ati ndeko, ndugu! Mtu hajashitakiwa na tayari anajitetea! Na yeye mwenyewe ni dereva wa esansi, ya mazutu ameyajulia wapi? Nikamjibu kwamba nimesikia. Nikalisema hilo "nimesikia" kwa sauti ya kumwogopesha. Akaniuliza kama koo linaniuma.

Clothilde ananiambia Benoît hawezi kuiba hata limau. Clothilde hamjui binadamu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda depo ya mafuta kwa Désiré, karani wa pale, nikambadilishia mtungi wa mawese kwa bidoni nyingine. Akauliza kama injini inakunywa. Nikamwambia haina tabia hiyo, ina majirani.

Nimebadilisha tena. Safari hii ni haraka, maana injini ilikuwa bado na moto wa kazi ya asubuhi, na mafuta yaliruka mbio kama maji ya bomba. Yaliingia ndani ya mkono wa shati. Nilitoka chini ya gari kwa namna ambayo watoto wa jirani sasa wanaiigiza. Mafuta machafu nimeyaweka kando kwenye bidoni, ni ushahidi.

Halafu nikatega. Nilifunga uzi mweusi kwenye kapo, kifuniko cha injini, ukikatika nitajua. Na kwenye mkono wa kapo, pale mwizi lazima ashike, nikapaka pilipili iliyosagwa na mafuta kidogo ishike vizuri. Mwizi ataifungua, atajifuta jasho, na atakayeonekana na mtaa wetu mzima wa Tshopo analia machozi bila matanga, huyo ndiye.

Nikaenda kinuni. Nikarudi. Uzi mzima! Haukuguswa! Nikafurahi mno, nikafungua kapo, nikachomoa chuma.

Meusi.

Nikajifuta jasho.

Aïe aïe aïe! Nilikimbilia mtungi wa maji nikagonga mlango, nikagonga kiti, nikamgonga Clothilde. Jioni nzima nimelala na kitambaa cha maji usoni. Benoît amekuja kunipa pole, ameleta ndizi. Amenitazama macho yangu mekundu akasema nisilie, Tonton si mtu mbaya. Sasa Tshopo nzima inajua nani analia bila matanga.

Lakini uzi haukukatika. Hilo linanisumbua kuliko macho. Nani anaingia bila kufungua?

Ijumaa, 9 Agosti

Leo nimepata wazo la kitaalamu. Kama si mwizi, basi ni mafuta yenyewe: mabaya yamefunikwa rangi nzuri. Wauzaji wa mawese wanazijua hizo mbinu, mimi mwenyewe nazijua, tusiendelee.

Nikachukua chupa ya yale meusi hadi sokoni kwa Mama Kadidja. Mama huyu ametoka Maniema zamani, anauza mawese kuliko mtu yeyote, na pua yake inaogopwa. Akanusa. Akaweka tone kwenye ukucha. Akafuta ukucha kwenye shati langu. Akasema haya si mafuta ya chakula, mwanangu, niyatoe mbele ya wateja wake. Nikamuuliza: lakini yangekuwa mawese, yamekuwa meusi hivi, mama angefanya nini? Akajibu huku anahudumia mtu mwingine kwamba mawese yaliyoharibika rangi unayarudisha motoni polepole, unatia kitunguu kizima, kitunguu kinavuta uchafu, povu unaliengua, basi.

Kitunguu! Namna gani sikufikiri! Kila mwanamke wa mji huu anajua, mimi mfanyabiashara wa mafuta nimesahau!

Clothilde alikuwa mtoni anafua. Nikachukua sufuria yake kubwa, ile ya sikukuu. Nikawasha kuni nyuma ya nyumba, nikamimina ushahidi wote, nikatia kitunguu kimoja. Nikaona rangi ilivyo nzito, nikaongeza vingine. Nikakoroga.

Moshi ulianza kidogo. Halafu haukuwa kidogo. Ulikuwa mweusi, ukasimama, ukaenda barabarani. Mama mmoja akaita watoto wake ndani. Benoît akaruka ukuta na ndoo ya mchanga, kofia kichwani, akamwaga mchanga kwenye moto wangu na kusimama anahema. Akaniuliza ninapika nini. Nikamwambia chakula cha mgeni.

Matokeo: mafuta meusi. Vitunguu vyeusi. Sufuria nyeusi ndani na nje.

Clothilde alirudi na beseni la nguo kichwani. Nguo nyeupe. Alilitua beseni, akaitazama sufuria ambayo mama yake alimpa siku ya harusi, akaibeba, akaja kuiweka mbele yangu mezani na kijiko. Halafu akamchukua mtoto wetu Odile wakaenda kula kwa mke wa Benoît.

Nimekula kwanga ya muhogo na chumvi. Nimeinusa sufuria mara kadhaa. Kitunguu kilikuwa kidogo, nadhani. Kingekuwa kikubwa tungeona.

Jumapili, 11 Agosti

Misa. Sikusikiliza mahubiri, Mungu anisamehe. Nilikuwa nawaza weusi. Unatoka wapi? Mazutu yenyewe si meusi, nimemimina kwenye glasi nikaangalia: rangi ya chai hafifu. Chuma cha injini si cheusi. Mafuta mapya si meusi. Unatia vitu visivyo vyeusi ndani ya sanduku lililofungwa, unapata weusi. Padri alipotubariki nilikuwa nimekwisha kuamua: leo sitafuti mwizi tena. Leo natafuta kujua.

Nilimwendea Désiré nyumbani kwake na mtungi mwingine. Alinyoosha tu mkono kuupokea, akaniletea bidoni akiwa bado amevaa tai ya kanisani.

Nikabadilisha. Nikachomoa chuma: dhahabu. Nikangoja. Sikuwasha. Nikakaa kwenye kiti mbele ya gari kama mtu anayelinda mgonjwa. Clothilde alipita bila kunisemesha, bado ana hasira. Nikachomoa tena: dhahabu. Nikala, nikarudi: dhahabu! Hakuna aliyegusa, hakuna kilichobadilika!

Sasa. Nikawasha. Nikasali Baba Yetu moja na Salamu Maria moja, polepole, kwa kuwa sina saa ya mkono. Nikazima. Nikachomoa.

Kahawia! Nilikuwa peke yangu barabarani na nilijua kitu ambacho dakika chache nyuma sikukijua. Nikawasha tena. Safari hii kumi zima la rozari. Nikazima, nikapangusa chuma, nikachovya, nikachomoa.

Meusi.

Ni yenyewe! Injini ndiyo inayoyafanya meusi! Hakuna mwizi, hakuna hila ya depo, hakuna mtu! Inafanya mbele yangu, mchana kweupe, wakati watu wanasali! Nilitaka kumwambia mtu nikakosa wa kumwambia. Odile alikuwa anacheza mlangoni, nikamwambia yeye. Akasema, mbona Papa Benoît alikwambia. Watoto wa siku hizi.

Basi Benoît hana hatia. Sitamwambia. Kichwa kitamvimba na kofia haitamtosha.

Na dawa sasa ni rahisi mpaka nimecheka peke yangu. Ugonjwa wa gari hili ni kuwaka. Lisipowaka, ni zima kabisa.

Jumanne, 13 Agosti

Jana na leo nimemaliza magunia yote ya mpunga. Hakuna lililobaki, hakuna lililotoboka, mwenye kinu amenishika mkono. Hapo Tonton hana la kusema.

Mchana nikatoa meusi mara ya mwisho. Nimefanya kwa heshima. Nilimimina kwanza mafuta mapya kidogo boloni ikiwa wazi, yasuuze tumbo la injini, ndipo nikafunga na kujaza. Kile chuma nikakipiga kwa kitambaa na jivu mpaka kinaonyesha uso. Dhahabu tupu! Mawese yangu bora yangeona haya.

Sasa gari halitawaka tena hadi Tonton alitazame. Lakini yeye anashukia bichi kesho, gari liko Tshopo, na katikati kuna mji mzima.

Nimepata njia. Nimekwenda kwenye maporomoko kwa Michel, Mwagenia, mvuvi wa pale, rafiki yangu wa zamani ninayemuuzia mawese. Watu wa kwao kazi yao ni kuvuta mitego mikubwa ndani ya maji yanayotaka kukuua, kamionete kwao ni nini? Nikamwomba aje na ndugu zake kusukuma. Akauliza imekufa? Nikasema hapana, nzima sana. Akauliza mbona isiende yenyewe? Nikasema hapo ndipo kuna akili. Akauliza watapata nini. Nikaahidi kuwapandisha wote kwenye gari na kuwatembeza mjini.

Akanitazama. Akasema: yaani sisi tunalisukuma gari ili tupandishwe gari. Nikasema kabisa. Akaenda kuongea na ndugu zake, wakacheka sana kule, wakakubali. Watu wema.

Jumatano, 14 Agosti

Niandike yote, hata yale yanayoniuma.

Tulianza mapema. Nilikaa kwenye usukani, shati jeupe, permis imetolewa ndani ya fremu, Wagenia nyuma wanaimba wimbo wa kuvuta mitego. Niseme kweli: kwa muda fulani ilikuwa furaha. Halafu tukafika matopeni. Halafu kilima. Wimbo ukapungua maneno, zikabaki pumzi.

Mji mzima ulitoka kutoa pole. Kila mtu: gari limekufa? Nikajibu hapana, lina afya. Hakuna aliyeniamini. Benoît akapita na gari la Mreno, akasimama, akaleta kamba ya kuvutia, akauliza tatizo ni betri? Nikamwambia aende zake. Akaenda, lakini habari zilikwenda naye. Tulipofika bichi wapagazi walikuwa wamekwisha kumweleza Tonton tangu akiwa bado kwenye ubao wa kushukia: kamionete yake imekufa, imeletwa na Wagenia.

Tonton akaja na godoro lake, kikapu cha samaki wa moshi na uso wa matanga mawili. Nikamwamkia, nikampa pole ya msiba. Kisha nikafungua kapo. Kisha nikachomoa chuma na kukiinua juani.

Yaling'aa! Hata wapagazi wakasema eee!

Tonton akayatazama. Akaweka tone kwenye ukucha. Alinifurahisha, anafanya kama mimi. Akanusa. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, gari limesimama tangu lini. Nikamwambia halikusimama, nimefanya kazi kila siku. Akasema nisimdanganye akitoka kumzika dada yake. Maisha yake yote kwenye injini za mazutu hajaona mafuta yenye sura hii kwenye injini iliyofanya kazi. Basi mpunga wa watu haukwenda kinuni. Basi nimekula wiki nzima nimelala.

Mimi! Nimevunjika mgongo wiki nzima na uthibitisho wa uvivu nimeushika kwa mkono wangu mwenyewe!

Na nani akanitetea? Benoît. Alikuwa ametangulia kufika, na alivua kofia! Akaapa mbele ya Tonton kwamba aliniona kila siku na magunia, kwamba mpunga wote umefika, aulizwe mwenye kinu. Ningependa angenyamaza, maana Tonton akaniuliza: bon, kama ulilifanyisha kazi, mbona mafuta ni masafi, na mbona limesukumwa?

Nikaeleza. Ningefanya nini? Nikaeleza mwizi, uzi, pilipili, Mama Kadidja, vitunguu, Baba Yetu, rozari. Wagenia walikaa chini kwenye mchanga kusikiliza. Mpagazi mmoja alikosa meli yake.

Tonton hakucheka. Alipanda, akawasha, akaiacha ingurume. Akazima, akachomoa chuma: meusi. Na uso wake, uso uliokuwa wa matanga tangu asubuhi, ukafunguka. Akanionyesha lile tone kwa upole. Ndani ya injini ya mazutu kuna masizi, akasema, na kazi ya mafuta ni kuyaosha na kuyabeba. Yakiwa meusi, yanafanya kazi. Halafu akasema, na hili ninaliandika kama alivyolisema: "Mafuta yenye iko safi, ni mafuta yenye haitumike."

Akauliza kama hakuna mtu aliyenieleza. Benoît akainua mkono, polepole, kama mtoto shuleni.

Tonton akanyoosha kiganja. Nikatoa funguo. Zilikataa kutoka mfukoni, zilinasa kwenye uzi, nikavuta mpaka mfuko ukachanika. Akampa Benoît.

Imeniuma. Sitaficha. Nilipanda nyuma pamoja na Wagenia, wakatembezwa mjini kama nilivyoahidi, wakaimba njia nzima, na Michel akaniwekea mkono begani.

Nyumbani Clothilde alikuwa amepika sombe na samaki. Ameniwekea sahani kwanza, kabla ya mtu yeyote. Nimekula yote.

Jumamosi, 17 Agosti

Njia ya Bafwasende. Naandika hapa hapa barabarani.

Benoît anaendesha. Mimi niko juu ya magunia, kama zamani, ila sasa nina cheo: Tonton amesema niwe msaidizi. Sharti moja tu. Nisiguse kitu chochote chini ya kapo ya mbele. Nimeapa. Mimi ni mtu wa neno langu na nimekwisha kuelewa somo, nimelirudia moyoni njia nzima.

Tumesimama kijijini. Benoît amekwenda kuoga kijitoni, maana mbele kuna milima mirefu na anataka kuifikia akiwa na akili. Mimi nimejilaza chini ya gari, kivulini. Chini ya gari si chini ya kapo.

Na hapa nyuma, katikati ya magurudumu mawili, kuna tufe la chuma, kubwa, linalozungusha magurudumu hayo, nililokuwa sijaliona. Lina boloni kwa chini. Hakuna aliyewahi kuniambia habari zake, si Tonton, si Benoît, si mtu. Kwa nini mtu aliyetengeneza gari aweke boloni mahali, kama hakutaka ifunguliwe? Ndani mna nini? Rangi gani?

Nina ufunguo wa boloni. Nalegeza kidogo tu, nione.

Ni mafuta! Mazito, yanashuka taratibu, na ni ya dhahabu! Dhahabu safi kabisa, hayana doa! Gari hili limezunguka wiki mbili na magunia, na haya ni masafi hivi! Tonton mwenyewe alilisema, nimeliandika juu hapo: mafuta safi ni mafuta yasiyofanya kazi. Haya yamelala humu tangu enzi za Mgriki, yanabebwa bure, uzito mtupu, na milima iko mbele.

Nimeitoa boloni yote. Yanaingia mchangani vizuri. Namsikia Benoît anarudi, anaimba, ananiita tuondoke. Sitamwambia sasa. Gari litakuwa jepesi, tofauti ataisikia mwenyewe mlimani.